Kazi ya Kutazama

Consolacion, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Consing, alianguka jikoni Jumapili asubuhi akiwa anamenya vitunguu saumu. Kwanza kisu kilimponyoka. Kisha mdomo ukaenda upande, na mguu wa kushoto ukamwishia nguvu. Hakuanguka kwa kishindo. Aliteleza taratibu, mgongo ukiburuzika kwenye mlango wa friji, mpaka akakaa sakafuni, halafu akalala.

Mkwewe Delfin alikuwa amesimama mlangoni, kikombe cha kahawa mkononi. Aliona yote, tangu kisu mpaka mwisho, na hakusogea. Si kwamba aliogopa, wala hakuchanganyikiwa. Alikuwa anatazama. Aliona vitunguu vilivyotawanyika, akaona ndala moja imechomoka mguuni, akaona mkono wa kulia wa mama mkwe wake ukipapasa sakafu kutafuta pa kushika. Kichwani mwake palikuwa kimya kabisa. Alikuwa anangoja ifike mwisho.

"Baba!"

Binti yake Krizelle alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma na beseni la nguo mbichi. Beseni lilimtoka, maji yakamwagika mpaka chini ya jiko.

"Baba, mbona umesimama tu? Bibi! Bibi, unanisikia? Baba, njoo ushike miguu!"

Delfin alitafuta kwa macho mahali pa kuweka kikombe. Akakiweka mezani, juu ya kitambaa, pale ambapo hakitaacha alama. Ndipo akaja kushika miguu.

Walimpeleka hospitali ya serikali kwa pikipiki ya mzee Tino, jirani yao, ile yenye kibanda cha abiria ubavuni. Bibi Consing alikaa humo akiwa ameegemezwa kifuani kwa mjukuu wake, mate yakimtoka upande mmoja. Delfin alipanda nyuma ya mzee Tino. Njia nzima Krizelle alimwongelesha bibi yake kwa sauti ya juu, akimwimbia, akimtania, akimkataza kulala. Baba yake alisikia sauti hiyo kama inavyosikika redio ya nyumba ya pili.

*

Herminia, mkewe Delfin, aliwakuta kwenye ukumbi wa hospitali. Alikuwa ametoka kupeleka sare za shule alizoshona, na futi kamba bado ilikuwa inaning'inia shingoni.

"Alianguka vipi?" aliuliza huku akihema. "Nani alikuwa naye?"

"Baba alikuwepo," Krizelle alisema.

"Sasa Delfin, ulifanya nini?"

"Tulimleta."

"Sikuulizi mlimleta au hamkumleta. Namwona yuko hapa. Nakuuliza alipoanguka ulifanya nini."

Jibu alilokuwa nalo Delfin halikuwa la kusemeka.

"Alisimama," Krizelle alisema. "Alisimama na kahawa yake, Mama. Kama mtu anayetazama tangazo la sabuni. Sijui angesimama mpaka lini kama nisingeingia."

Watu waliokaa kwenye mabenchi waligeuka. Mzee Tino, aliyekuwa bado yupo kwa sababu hakutaka kuondoka kabla ya kusikia hali ya mgonjwa, aligeukia ukutani akajifanya anasoma bango la jinsi ya kunawa mikono. Alilisoma kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Daktari alitoka akasema ni kiharusi. Upande wa kushoto umelala. Atahitaji dawa, na mazoezi ya viungo kila wiki, na mtu wa kumgeuza. "Bahati yenu mmewahi," alisema. "Ugonjwa huu haungojei mtu."

Herminia aliivua ile futi kamba shingoni, akaizungusha kwenye vidole, akaikunjua, akaizungusha tena, macho yake yakiwa usoni kwa mumewe. Delfin aliyaona macho hayo. Alijua ni macho ya kumuumiza mtu. Alingoja yamuumize, hayakumuumiza.

*

Kwa miaka mingi Delfin Macaraeg aliuza televisheni. Duka lilikuwa karibu na soko la Marikina, na yeye ndiye aliyekuwa na ulimi kuliko wauzaji wote. Mteja akiingia kuuliza bei ya feni, Delfin alimkalisha kwenye kochi, akamwekea maporomoko ya maji kwenye kioo kikubwa, akamwambia, "Dada, hebu niambie kama husikii baridi." Wanawake walicheka. Waume zao walitoa pochi. Kisha watu wakaanza kuja kushika tu, kubonyeza, kuuliza maswali yote, kupiga picha ya kibandiko cha bei, na kwenda kuagiza kwa simu wakiwa bado kwenye ngazi za duka. Duka likafa.

Mali iliyobaki waliuziwa wafanyakazi kwa bei ya kutupa. Delfin alileta nyumbani ile televisheni iliyokuwa dirishani mwa duka. Ilikuwa kubwa mno kwa sebule yao, na ukuta pekee ulioitosha ulikuwa wenye dirisha. Wakaliziba dirisha. Bibi Consing alifurahi kuliko wote. Alipenda filamu za kulia, za akina mama walioibiwa watoto hospitalini na mabinti waliorudi wakiwa matajiri, na sasa machozi ya waigizaji yalikuwa makubwa kama maembe.

Kazi mpya ilipatikana Taguig, kwenye jengo refu la vioo, ghorofa ya saba. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa dukani. Kila asubuhi Delfin aliacha simu, kalamu na karatasi kwenye kisanduku, akaingia chumba chenye baridi, akakaa mbele ya kompyuta. Video ambazo watu duniani wanatumiana na wengine wakazilalamikia zilimjia moja baada ya nyingine. Kazi yake ilikuwa kuamua: iondoke au ibaki. Sharti lilikuwa moja, kwamba huwezi kuamua kabla hujaiona mpaka mwisho.

Yaliyokuwemo humo ni yale ambayo watu hufanyiana wakati mtu mwingine yuko pembeni ameshika simu. Siku za mwanzo Delfin alitapika chooni. Baadaye akawa hatapiki, ila hali chakula. Halafu akawa anakula. Siku moja asiyoikumbuka kitu fulani ndani yake kilizimika, bila sauti, kama friji inavyonyamaza ukiwa hujui kwamba ilikuwa inavuma.

Alikuwa ametia saini mkataba wa kutomwambia mtu yeyote anachokiona, hata mkewe. Nyumbani alisema, "Naangalia-angalia mambo ya kompyuta." Walimwamini, kwa nini wasimwamini? Waliona tu kwamba amekuwa mpole, na kwamba filamu ikianza sebuleni yeye huenda kukaa nje kwenye ngazi na mbwa wa mzee Tino.

*

Bibi Consing alirudi nyumbani na nusu ya mdomo wake. Walimtandikia kitanda sebuleni, mbele ya televisheni, na televisheni ikawa haizimwi. Krizelle alimgeuza asubuhi, Herminia alimgeuza mchana kati ya nguo na nguo, jioni Delfin alimgeuza. Alifanya vizuri, kwa mikono thabiti, bila kukunja uso kwa harufu. Mtu wa nje angesema ni mkwe wa kupigiwa mfano.

Krizelle hakumsemesha tena baba yake. Mezani alipitia kwa mama yake. "Mama, mwambie Baba apitishe chumvi." Delfin alipitisha chumvi. Hakukasirika, na hilo lilimkasirisha Krizelle zaidi.

Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akijifunza kutengeneza filamu. Muhula mpya ulipofika hakujiandikisha. Hakuna aliyemwambia asiende. Aliona tu mikebe ya dawa ikiongezeka juu ya friji, akaona mama yake ameuza cherehani ya pili. Jioni moja, wakila samaki kwa supu ya ukwaju, akasema amepata kazi ya kuomba.

"Wapi?" Herminia aliuliza.

"Taguig. Jengo lile lile la Baba, ghorofa ile ile. Wanataka watu wengi na hawaulizi shahada. Wananiita kwenye usaili Ijumaa."

Herminia aliweka kijiko chini akapiga makofi. "Ee Mungu wangu! Mtapanda gari moja. Mtakula pamoja mchana. Delfin, umesikia?"

"Asiende," Delfin alisema.

"Eti?"

"Asiende huko."

"Kwa sababu?"

"Hapana tu. Atafute pengine."

"Pengine wapi? Kwenye kibanda cha kuuza vifuniko vya simu? Kwani kuna dhambi gani kukaa kwenye kiyoyozi na kubonyeza kompyuta? Kazi nzuri kwako, mbaya kwa mwanao?"

"Sijasema ni nzuri."

"Hujasema chochote! Mwaka mzima hujasema chochote. Unatoka, unarudi, unakaa na mbwa." Herminia alimkazia macho, halafu jambo fulani likamjia, akaegemea nyuma ya kiti. "Aa. Nimeelewa. Una mtu kule."

"Sina mtu."

"Una mtu, ndiyo maana hutaki binti yako aone. Anaitwa nani?"

"Herminia."

"Huyo ni mimi. Nakuuliza huyo mwingine."

"Ana... mtu," Bibi Consing alisema kutoka kitandani, kwa nusu ya mdomo, bila kutoa macho kwenye televisheni.

"Mama, wewe pumzika."

"Nilijua... kitambo."

Wakati mwingine wangecheka wote, na Delfin angecheka wa kwanza. Krizelle alikuwa anamtazama. Alikuwa anangoja baba yake aseme neno moja la kujitetea, la hasira au hata la uongo. Delfin alichukua mwiba wa samaki kwenye ulimi, akauweka pembeni ya sahani.

"Mama," Krizelle alisema, "mwambie Baba kwamba Ijumaa nitakwenda."

*

Msimamizi wa zamu aliitwa Pia. Alikuwa mdogo kwa Delfin kwa miaka mingi, na alimwita kaka. Delfin alimkuta kwenye chumba cha kupumzikia, chumba chenye mito laini sakafuni na meza ya penseli za rangi. Mfanyakazi aliyezidiwa aliruhusiwa kuja hapa kupaka rangi michoro ya maua, kisha kurudi kwenye kiti chake. Msichana mmoja alikuwa pale akipaka waridi jekundu, na machozi yakidondokea karatasi.

"Bi Pia, nina ombi. Kuna binti anakuja usaili Ijumaa. Krizelle Macaraeg."

"Ni wako? Kaka Delfin, ungesema mapema! Ningemwekea alama nzuri."

"Naomba msimchukue."

Pia alicheka, kisha akaona Delfin hatanii. Akamsogeza dirishani, mbali na yule msichana.

"Kuna nini? Mmegombana?"

"Ana umri mdogo."

"Wote wana umri mdogo. Angalia huyu." Akaonyesha kwa kidevu msichana wa waridi. "Wiki ya tatu. Sijui kama atamaliza mwezi. Wanakuja, wanalia, wanaondoka, natafuta wengine. Unajua nani ndiye simfikirii hata siku moja? Wewe. Hujawahi kuingia humu kupumzika. Hujawahi kuomba ruhusa. Mama mkwe wako alipougua ulikuwa kwenye kiti chako kesho yake, na hukukosea hata video moja. Nimewaambia wakubwa, nipeni kumi kama kaka Delfin." Akamgusa bega. "Binti yako akiwa na moyo kama wako, nitashukuru sana."

Delfin alisema asante. Hilo ndilo neno lililokuwa karibu. Akarudi kwenye kiti chake, na video iliyokuwa ikimngoja akaiona mpaka mwisho.

*

Ijumaa walipanda gari pamoja, kwa mara ya kwanza tangu Krizelle awe mkubwa. Herminia alikuwa amemshonea blauzi nyeupe na kumpaka poda. Walikaa viti viwili vya jirani mpaka Taguig. Usaili ulikuwa bado, na zamu ya Delfin siku hiyo ilianza mchana. Mkabala na jengo palikuwa na mkahawa wa kuku wa kukaanga, ule wa kila mtaa, wenye wali uliofungwa kwenye karatasi. Delfin akasema, "Tule kwanza."

Krizelle aliagiza bila kumtazama. Walipokaa, ndipo alipomsemesha moja kwa moja, bila kupitia kwa mama yake.

"Baba, nataka ujue kitu kabla sijapanda huko juu. Tangu siku ile ya Bibi, nakuchukia."

"Najua."

"Unajua?"

"Hata chumvi unaniomba kupitia kwa mama yako."

"Na hukasiriki. Hata hapa nimekuambia nakuchukia, unafungua wali." Alimwinamia juu ya meza. "Wewe ndiye ulinifundisha kulia kwenye filamu. Ulikuwa unalia kabla ya Bibi. Tulikuwa tunakucheka! Sasa umekuwa kama... Kule juu kuna nini, Baba? Ni kweli una mtu?"

"Sina mtu."

"Basi kuna nini?"

Delfin alitazama nje. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha jengo, wakivuta sigara, wengi wao wenye umri wa binti yake. Alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri. Kazi ni mbaya. Itakuharibu. Wanawanyonya watu. Aliyatazama maneno hayo akaona hayana uzito wowote. Msichana mwenye mgonjwa nyumbani na blauzi mpya hawezi kuzuiwa na maneno ya namna hiyo. Yeye mwenyewe aliambiwa hayo hayo siku ya kwanza, akatia saini.

"Nitakuambia moja," alisema. "Moja tu kati ya nilizoona. Nilikatazwa kusema. Baada ya hapo, ukitaka kupanda, panda."

Akamwambia. Haitasimuliwa hapa. Inatosha kusema kwamba ilitokea kwenye chumba cha kawaida, chenye feni inayozunguka na kalenda ukutani, na kwamba aliyekuwa ameshika simu alikuwa anacheka. Delfin aliisimulia tangu mwanzo, kwa mpangilio, bila kuruka, kama alivyokuwa akieleza zamani tofauti ya kioo hiki na kile. Hakupandisha sauti wala hakuishusha. Alipofika katikati, meza ya jirani walianza kuimba wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa mtoto aliyevaa kofia ya karatasi. Akangoja wamalize. Kisha akaendelea mpaka mwisho.

Krizelle alikuwa amekwisha kuacha kula. Rangi ilikuwa imemtoka chini ya poda. Mikono yake ilikuwa chini ya meza, imeshikana.

"Yule mtoto wa kwenye video," alisema. "Walimpata?"

"Sijui. Sisi hatuambiwi. Nilibonyeza iondoke, ikaja nyingine."

"Na ni kila siku?"

"Si zote ziko hivyo. Nyingine ni za watu wanaotukanana."

"Na siku ile jikoni..." Krizelle aliuliza.

"Nilikuwa nangoja iishe," Delfin alisema. "Lazima uone mpaka mwisho ndipo uamue. Nilikuwa nangoja iishe ndipo nijue la kufanya. Sikujua kwamba ni Bibi. Nilijua, lakini sikujua. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo."

Krizelle alimtazama usoni. Kisha akashusha macho kwenye mkono wake wa kulia, na Delfin naye akautazama. Mkono ulikuwa umeshika kijiko. Kijiko kilikuwa na wali na kipande cha kuku. Sahani yake ilikuwa imekaribia kwisha. Alikuwa amekula muda wote aliokuwa anasimulia, na hakuwa na habari.

Krizelle alinyoosha mkono juu ya meza. Akamfungua vidole kimoja kimoja, akakichukua kile kijiko, akakiweka upande wake, mbali naye.

"Usile," alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti. "Baba, kwa sasa usile."

Delfin akaacha mkono wake pale ulipokuwa, mtupu. Saa ya usaili ikafika, ikapita. Saa ya zamu nayo ikafika. Simu yake ikaita mfukoni, ikanyamaza, ikaita tena. Mhudumu alikuja na kitambaa akauliza kama amemaliza, naye Krizelle akasema ndiyo, amemaliza.

*

Herminia aliwaona wakiingia pamoja mchana kweupe, akajua bila kuambiwa kwamba kuna jambo limeharibika. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akimkunjua mama yake vidole vya mkono wa kushoto kama walivyofundishwa na mtu wa mazoezi.

"Wamekukataa?"

"Sikupanda," Krizelle alisema. "Na Baba ameacha kazi. Ukitaka kupiga kelele nipigie mimi."

"Ameacha?" Herminia aliinuka. "Ameacha nini? Leo? Bila notisi? Delfin, mshahara wa mwezi huu? Dawa za Mama unajua zinaisha lini? Au nyinyi wawili mmekunywa?"

"Mama, subiri."

"Nisubiri nini? Nimeuza cherehani nikasubiri. Nimesubiri mume aseme neno, mwaka mzima, leo ananijibu kwa kuacha kazi! Hebu sema basi. Sema! Amekufukuza huyo mwanamke wako?"

Kwenye televisheni mama mmoja alikuwa anamkumbatia binti yake kwenye kituo cha mabasi na muziki ulikuwa unapanda. Krizelle alichukua rimoti akaizima. Bibi Consing akanung'unika. Kwa dirisha lile kuzibwa, sebule ikawa giza ghafla, na wote wanne wakabaki humo, wakisikiana pumzi.

"Nitakuambia mimi," Krizelle alimwambia mama yake. "Siyo leo. Na siyo yote. Yeye usimuulize, kwa sababu sasa akiulizwa anaeleza yote."

Herminia hakuelewa. Lakini alimwona binti yake amesimama mbele ya baba yake, yule yule ambaye juzi alikuwa hataki hata kumwomba chumvi, amesimama kama mtu anayezuia mlango. Akaangalia nyuma ya bega la binti. Delfin alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama mkwe wake. Bibi Consing alikuwa ameshamtafuta kwa mkono wake mzima, akampata kwenye mkunjo wa suruali, akamshika hapo kwa kuwa ndipo alipofikia.

Mwezi uliofuata Delfin alikuja kupata kazi kwenye ghala la vifurushi kule Cainta, ya kubeba maboksi ya televisheni na majiko ambayo watu wameagiza kwa simu, kwa malipo madogo na mgongo kuuma. Krizelle akawa anauza vifuniko vya simu kwenye kibanda karibu na kituo cha treni, na chuo kikamngoja mwaka mzima, na usiku mwingine aliamka akiwa amekiona chumba chenye feni na kalenda ambacho hakuwahi kukiona kwa macho. Herminia alitukana, akashona, akatukana tena. Delfin alibaki kimya kwa muda mrefu, na ikawa vigumu kwa wote kujua kama kuna kinachorudi ndani yake au hakuna.

Lakini mchana ule Herminia alisimama katikati ya sebule yenye giza, kinywa kimejaa maneno, na hakuona pa kuyatua. Akajifuta mikono kwenye gauni.

"Umekula?" akamuuliza mumewe.

Delfin akafikiri. Alifikiri kwa bidii, kama mtu aliyeulizwa jambo gumu.

"Ndiyo," akasema. "Ila sikuonja."

Herminia akaenda jikoni. Akarudi na sahani ya wali na kipande cha samaki wa jana, akaiweka kwenye mapaja ya Delfin, na kijiko ubavuni. Kisha akaketi sakafuni na kuendelea kumkunjua mama yake vidole. Delfin alikaa na ile sahani mapajani mpaka wali ukapoa, na hakuna aliyemwambia ale.